Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anayechora Bila Kuchoka

Kati ya barua tulizopokea tumechagua tatu zinazogusa jambo moja, yaani watoto na michoro yao. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa kuwa maswali yake yanawahusu wazazi wengi.

BARUA YA KWANZA

Mpendwa Mshauri,

Binti yangu ana umri wa miaka 5 na miezi 3. Tangu aanze kushika kalamu amekuwa akichora popote anapopata nafasi: kwenye karatasi, pembezoni mwa madaftari ya kaka yake, na mara mbili kwenye ukuta wa sebule. Juzi alikaa karibu saa nzima akimchora paka wetu aliyekuwa amelala amejikunja, mkia ukiwa umeifunika pua, na katika picha hiyo aliweka sikio moja tu. Nilipomwambia kuwa amesahau sikio la pili, alinijibu kwamba halionekani. Mwalimu wake anasema mtoto huyu ana kipaji na nimtafutie mafunzo mapema. Baba yake anasema kila mtoto huchora, na jambo hili litapita kama yalivyopita mengine. Mimi nilianza kumpa zawadi ndogo kila anapomaliza picha nzuri ili kumtia moyo, lakini sasa naona anachora harakaharaka, kisha ananiletea na kuuliza kama inatosha. Naogopa kwamba nimeharibu. Nifanye nini?

Mama mwenye wasiwasi

JIBU

Mama mpendwa, nianze na lile sikio la paka, kwa sababu linajibu karibu nusu ya barua yako.

Baba yake hakukosea. Kila mtoto anayepewa kitu cha kuchorea huchora, na watoto walio wengi hupitia njia inayofanana. Wanapokaribia umri wa mwaka mmoja na nusu huanza kukwaruza mistari kwa raha tu ya kuona mkono umeacha alama. Wafikapo miaka 3 hivi huanza kuipa mikwaruzo hiyo majina, wakisema huyu ni baba na hili ni gari, kisha huja yule mtu anayechorwa na watoto karibu wote, mwenye kichwa kikubwa na miguu inayotoka moja kwa moja chini ya kidevu, bila kiwiliwili. Kati ya miaka 5 na 8 picha hupata mpangilio: mstari wa ardhi chini, ukanda wa anga juu, na jua kwenye kona. Mtafiti wa Ufaransa Georges-Henri Luquet, aliyechunguza michoro ya watoto mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza kwamba katika kipindi hiki mtoto huchora anachokijua kuliko anachokiona. Ndiyo maana huchora nyumba pamoja na watu waliomo ndani, kana kwamba kuta zake ni za kioo, na humpa paka masikio mawili hata kama moja limefichika, kwa kuwa anajua kwamba paka ana masikio mawili.

Binti yako hakufanya hivyo. Aliyaamini macho yake, na ulipomsahihisha aliutetea uamuzi wake kwa neno moja lililotosha. Hapo ndipo mwalimu naye anapokuwa na hoja, kwa sababu kuona kwamba kitu kimoja hukifunika kingine, na kukubali kukiacha kisichoonekana, ni jambo ambalo watoto wengi hulifikia baadaye sana.

Hata hivyo, nakusihi usijenge hukumu juu ya picha moja. Picha nzuri huweza kutokea kwa bahati, na picha mbaya huweza kuwa na kazi kubwa ndani yake. Kwa miezi michache ijayo, acha kuzichunguza picha zenyewe na umchunguze mtoto anapochora. Je, anarudia jambo lilelile kwa namna mbalimbali, akimchora paka akiwa amelala, amekaa, ameruka, bila kuagizwa na mtu? Je, macho yake hupanda kwenye kitu na kushuka kwenye karatasi, kisha yakapanda tena? Je, huanza mahali usipotarajia, kwa mfano kwenye ukucha wa mguu, na bado mwili mzima ukaingia mahali pake? Je, hukasirika kwa sababu mkono haujafika pale jicho lilipofika? Ellen Winner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza watoto wenye vipaji kwa miaka mingi, hutaja mambo matatu yanayowatambulisha: huanza mapema kuliko wenzao, hujitafutia njia yao wenyewe bila kuhitaji kuelekezwa sana, na huwa na hamu isiyotulia ya kulimudu jambo lao. Kwa maoni yangu, hilo la tatu lina uzito kuliko yote. Wepesi wa mkono unaonekana upesi na wote tunaushangilia, lakini mtoto anayerudi mwenyewe kwenye picha aliyoiacha jana, akaitazama na kuanza upya, ameonyesha jambo ambalo hakuna mwalimu awezaye kumpa.

Sasa nije kwenye zawadi, kwani hapo umeguswa na jambo lililowahi kupimwa kwa uangalifu. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea. Waliwachagua watoto wa kati ya miaka 3 na 5 ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za wino wa rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye utepe iwapo wangechora. Kundi la pili lilichora bila ahadi yoyote, kisha likapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa. Kundi la tatu halikuahidiwa wala kupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili kalamu hizo ziliwekwa tena darasani wakati wa kucheza kwa hiari. Watoto walioahidiwa cheti sasa walizichukua kwa muda unaokaribia nusu tu ya ule wa watoto wa makundi mengine. Jambo jingine linakuhusu moja kwa moja: picha walizochora kwa ajili ya cheti zilionekana kuwa duni kuliko za wenzao. Kazi iliyokuwa mchezo wao ilikuwa imegeuka kuwa njia ya kupata kitu kingine, na mtu anayetafuta kitu kingine huiharakisha njia.

Kwa hiyo haraka ya binti yako haina maana kwamba hamu yake imekufa, wala hujaharibu kitu kisichotengenezeka. Acha tu zawadi zipungue kimyakimya, bila kumtangazia kuwa zimefutwa, asije akaona kwamba ameadhibiwa. Akikuletea picha na kukuuliza kama inatosha, mrudishie swali kwa upole: wewe mwenyewe unaionaje, na je, kuna mahali ungependa kupaendelea? Mwanzoni atakutazama kwa mshangao, maana alizoea wewe uwe hakimu. Baada ya muda ataanza kuitazama picha badala ya kuutazama uso wako.

Wazazi wengi hudhani kwamba kutotoa zawadi ni kunyamaza, lakini mtoto anahitaji sana kuona kwamba kazi yake imetazamwa. Neno la kusema «nzuri sana» huisha kabla halijaanza, kwa sababu halina habari yoyote ndani yake, na mtoto mwerevu hutambua upesi kwamba hulitoa kwa kila karatasi. Mwambie ulichokiona. Mwambie kwamba hapa mgongoni amekandamiza kalamu hadi mstari umekuwa mweusi, na hapa tumboni amegusa kidogo tu, hata manyoya yanaonekana laini. Muulize aliujuaje mkia upite wapi. Badala ya kumuuliza hiki ni nini, swali linaloweza kumuumiza iwapo yeye anaona ni dhahiri, mwombe akusimulie picha yake. Tena, nakuomba sana, usiichukue kalamu mkononi mwake ili umwonyeshe paka anavyochorwa. Mtu mzima akimchorea mtoto paka wake, mtoto hujifunza kwamba kuna paka mmoja sahihi, na kwamba si wa kwake. Ukitaka kuchora, chora kwenye karatasi yako, kando yake, hata kama hujui. Kukuona ukijaribu na kufuta kutamfaa kuliko maelekezo.

Kuhusu vifaa, wingi ni bora kuliko gharama. Mtoto anayepewa karatasi moja ya kifahari huogopa kuiharibu, lakini mwenye rundo la karatasi zilizotumika upande mmoja hujaribu bila woga. Mpe penseli laini, kreyoni nene zinazoshikika na mkono mdogo, brashi mbili, moja pana na moja nyembamba, na rangi za maji chache: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Wingi wa rangi zilizo tayari humnyima mtoto furaha ya kugundua kwamba njano na buluu huzaa kijani, na kwamba kijani hicho si kimoja bali ni vingi. Hakikisha kifungashio kinaonyesha kwamba rangi ni salama kwa watoto, kwani bado huzipeleka kinywani. Viweke vyote mahali anapofikia bila kukuomba. Kama anatumia mkono wa kushoto, mwache autumie. Kuhusu ukuta wa sebule, mtoto wa umri huo huchora kwa bega zima, na karatasi ndogo humbana. Bandika karatasi kubwa ukutani, usawa wa kifua chake, na umweleze kwamba hapo ndipo pake na kwamba kuta nyingine si za kuchorwa. Udongo wa kufinyanga nao usikosekane, kwa kuwa wapo watoto ambao ufundi wao uko kwenye vidole kuliko kwenye mstari, nao hupitwa bila kutambuliwa kwa sababu sisi tunatazama karatasi peke yake.

Halafu muda. Mtoto aliyepangiwa kila saa, au anayekabidhiwa simu kila anapolalamika kuwa hana la kufanya, hafiki kamwe kwenye ile nusu saa ya upweke ambamo paka huonekana vizuri.

Je, umpeleke kwenye mafunzo? Kwa miaka 5 sioni haraka. Ukipata darasa, nenda kwanza wewe mwenyewe na utazame kuta zake. Ukikuta picha 20 za nyumba ileile, yenye paa lilelile na mti upande uleule, mshukuru mwalimu na urudi na mtoto wako nyumbani. Mwaka 1897 mwalimu mmoja wa Vienna, Franz Cižek, alifungua darasa la watoto ambamo hawakunakilishwa mifano ya watu wazima kama ilivyokuwa desturi ya shule za wakati ule, bali waliachwa wachore kutoka moyoni mwao. Tangu hapo hoja yake imebishaniwa sana, na mimi naona mtoto mkubwa huhitaji pia kufundishwa ufundi, lakini kwa mtoto wa miaka 5 bado naona Cižek alikuwa na haki.

Kuna mtu mmoja katika barua yako uliyemtaja kwa kupita tu, yaani kaka yake. Usimwite binti yako «msanii wetu» mbele yake. Jina hilo humfungia kaka mlango asioujaribu, na humtwika dada mzigo wa kulithibitisha kila siku. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unamtambulia kila mtoto haki ya kucheza na ya kushiriki katika sanaa, na haki hiyo haikuwekewa sharti la kipaji. Waandalie wote wawili karatasi.

BARUA YA PILI

Mpendwa Mshauri,

Kijana wangu ana miaka 10. Alipokuwa mdogo alichora kila siku, lakini tangu mwaka jana ameacha. Nikimwuliza, anasema hajui kuchora. Kitu pekee anachokifanya ni kunakili wahusika wa katuni anazozitazama, tena kwa kujificha. Mimi nilikuwa nikimkataza kunakili, nikimwambia abuni vya kwake. Je, kipaji kimepotea?

Baba wa watoto watatu

JIBU

Ndugu yangu, kijana wako amefika kwenye mlango ambao wengi wetu tuligeukia nyuma. Kati ya miaka 9 na 12 mtoto huanza kutaka picha ifanane na kitu chenyewe. Macho yake yamekua na kuwa hakimu mkali, lakini mkono wake haujafundishwa, na kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba ufundi huo hujifunzwa, huhitimisha kwamba yeye hana. Watu wazima wengi wanaosema hawajui kuchora waliishia hapo, na ukiwapa penseli leo watachora kama watoto wa umri huo. Nasikitika kila ninapolifikiria hilo, kwa sababu hakuna mtoto anayeacha kuandika kwa sababu sentensi yake ya kwanza haikuwa nzuri, tunamfundisha tu.

Kuhusu kunakili, nakuomba ubadilishe msimamo wako. Kwa mtoto wa miaka 5 nilitahadharisha juu ya mifano ya watu wazima, lakini wa miaka 10 anayenakili kwa hiari yake anatafuta majibu: mkono hujikunja vipi, uso hutazamaje pembeni, nguo hukunjamana wapi. Anajifunza lugha kwa kusikiliza wanaoisema. Mwambie kwamba hana sababu ya kujificha, kisha, baada ya siku kadhaa, mwombe amchore mhusika huyohuyo akifanya jambo ambalo hakuwahi kuliona kwenye katuni, kwa mfano akifunga kamba za viatu. Hapo hataweza kunakili peke yake. Itambidi avitazame viatu halisi na mikono halisi, na ataanza kubuni bila kuhubiriwa.

Yapo mazoezi mawili ambayo mnaweza kuyafanya pamoja jioni, nawe ukiyafanya kwa penseli yako. La kwanza ni kuchora mkono wenu wa pili bila kuitazama karatasi hata mara moja, jicho likitembea polepole kwenye ukingo wa kidole kama sisimizi, na penseli ikifuata. Picha itatoka imepindapinda, na hilo ndilo linalomfungua anayeogopa kukosea. La pili ni kuigeuza picha juu chini na kuinakili ikiwa hivyo. Ubongo hauoni tena pua wala jicho unavyovijua, unaona mistari na nafasi kati ya mistari, na mara nyingi matokeo humshangaza mchoraji mwenyewe.

Akiwa tayari, mwekee kioo. Albrecht Dürer, aliyekuja kuwa mchoraji mkubwa wa Ujerumani, alijichora kwa kujitazama kwenye kioo mwaka 1484 akiwa na miaka 13, na picha hiyo ingalipo hadi leo katika jumba la Albertina mjini Vienna. Baadaye aliandika juu yake kwamba aliichora alipokuwa bado mtoto. Mwonyeshe kijana wako, lakini si ili ajilinganishe. Mwonyeshe kwamba mikono humtatiza hata bingwa: mkono mmoja Dürer aliuficha wote ndani ya kitambaa cha vazi lake.

Umeuliza kama kipaji kimepotea. Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, baada ya kujaribu kazi nyingine kadhaa. Kijana anayenakili kwa siri usiku hajapoteza chochote. Anangoja mtu amwambie kwamba kinachomshinda kina njia ya kujifunzwa.

BARUA YA TATU

Mshauri, wajukuu zangu wawili wananiletea picha kila wanapokuja. Sanduku limejaa na sina pa kuziweka. Kuzitupa naona ni dhambi. Nifanyeje?

Bibi

JIBU

Bibi, shikamoo. Huna haja ya kuzitunza zote, na wala watoto hawakutarajii hivyo. Wengi huisahau picha pindi wanapoimaliza, kwa kuwa raha yao ilikuwa katika kuichora. Kila baada ya miezi michache kaa nao sakafuni, wamwage sanduku zima, na kila mmoja achague picha 5 za kubaki. Wao wachague, si wewe, na wakueleze kwa nini. Utashangaa kuona wameiacha ile uliyoipenda na kushikilia yenye mikwaruzo, kwa sababu wanakumbuka walichokuwa wakikitafuta ndani yake. Zilizosalia mpige picha kwa simu kabla hazijaondoka.

Zile 5 ziandike nyuma kwa penseli, si kwa wino unaopenya upande wa pili: jina, tarehe, na maneno ya mtoto mwenyewe juu ya picha hiyo, vilevile alivyoyasema, hata kama hayana maana kwako. Paul Klee, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1879 na aliyejifunza kuchora kwa bibi yake, alizikuta picha zake za utotoni akiwa mtu mzima, na alipoanza kuandika orodha rasmi ya kazi zake aliingiza baadhi yake humo, zikiwa za mwanzo kabisa. Zilikuwa zimehifadhiwa nyumbani kwao miaka yote hiyo. Tafuta sanduku lisiloingiza unyevu, na liweke mbali na jua.